Mvua ya 1961 Ndani ya Ukanda wa Sumaku

Mwanangu, kanda za sumaku zilikuwa na harufu yake, na mtu aliyeishi nazo haisahau. Ukifungua kasha jipya ilikujia harufu ya plastiki na ya rangi ya chuma. Ukanda ukishazunguka ndani ya mashine kwa muda mrefu, ulitoka na uvuguvugu, na ile harufu ilikuwa imeiva. Juu yake ongeza spiriti tuliyosafishia vichwa vya kusomea kwa kijiti chenye pamba, vumbi lililokaukia ndani ya feni, na mahindi ya kuchoma yaliyotupandia kwa ngazi kutoka barabarani. Hicho ndicho kilikuwa chumba chetu, ghorofa ya tatu, nyuma ya River Road, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa kijana wa Mombasa niliyepanda bara kutafuta riziki, na riziki niliyoipata ilikuwa kuzifanya kompyuta za watu zisome vitu zilivyokataa kusoma.

Wakati huo intaneti kamili ilikuwa bado haijaingia Kenya. Barua za kompyuta zilikuwapo, zikipitishwa usiku kwenye laini za simu kwa mwendo wa kinyonga, lakini mzigo mkubwa haukupita njia hiyo. Mzigo ulikuja kwa ndege, umefungwa kwenye bahasha nene, umegongwa mihuri ya forodha. Ukanda tulioutumia sana ulikuwa wa upana wa robo inchi, aina ya DC6150: kasha la ukubwa wa kitabu kidogo, bamba la alumini chini yake, zito mkononi. Ulibeba megabaiti 150, ambazo simu yako leo huzimaliza kwa video ya dakika moja mbili. Nairobi tuliununua kwa bei iliyokaribia shilingi 1,000, siku ambazo nauli ya matatu kutoka Eastleigh ilikuwa sarafu tu mkononi, na karani wa kawaida alipata elfu chache kwa mwezi. Mwaka 1993, shilingi ilipoporomoka mbele ya dola, bei ikaruka hata mkurugenzi wetu akazihamishia kanda mpya kwenye kabati la fedha na ufunguo akautia mkobani.

Mkurugenzi huyo alikuwa mama wa Murang'a, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefundisha hesabu shule ya upili kabla ya kuingia kwenye biashara. Sote tulimwita Mama, na hata wateja waliokuja wamekasirika walijikuta wanamwita hivyo kabla hawajamaliza sentensi ya pili. Mashine zilikuwa chini ya Fundi, Mhindi aliyezaliwa Nakuru, ndevu nyeupe, miwani iliyoungwa kwa uzi, ambaye alianza na redio za vali na aliweza kutambua ugonjwa wa mashine ya ukanda kwa kusikiliza mlio wake. Ukanda ukienda vizuri ulivuma mfululizo. Ukisita, ukarudi nyuma, ukajaribu tena, Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye chai yake kabla skrini haijasema lolote. Kwenye kibodi alikaa Dada, msichana wa Siaya mwenye macho makali, ambaye hakuamini kazi yoyote mpaka aichapishe kwenye karatasi na kuipigia mstari kwa rula.

Sasa nikueleze shida yenyewe ilitoka wapi. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ikapata watoto wengi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na tawi lake; AT&T walikuwa na lao, System V, lililotoka mwaka 1983; na kampuni za kompyuta zikachukua huku na huku, kila moja ikaongeza vyake. Mwaka 1988 kampuni kubwa ziligawanyika kambi mbili, Open Software Foundation upande huu na UNIX International upande ule, zikigombea nani aseme Unix ya kweli ni ipi. Ugomvi huo ulikuwa wa Marekani, lakini matokeo yake yalitua Nairobi kwenye meza zetu, kwa sababu kila mfadhili alikuja na mashine ya kwao. Mradi wa maji uliletewa hii, wa misitu ukaletewa ile, na ofisi moja ya serikali unaikuta ina Sun pembeni, AIX ya IBM chumba cha pili, na kompyuta ya 386 yenye Unix ya ukoo wa System V chini ya meza ya karani. Zote ziliitwa Unix. Ukichukua ukanda ulioandikwa kwenye moja ukaupeleka kwa nyingine, unaweza kukuta umebeba vitu visivyosomeka.

Hata jina la mashine ya ukanda lilibadilika ukivuka mlango. Kwenye Sun ya zamani uliiita /dev/rst0 au /dev/rst8, na Solaris, Unix mpya ya Sun, ilipokuja ikawa /dev/rmt/0. AIX ilitaka /dev/rmt0, SCO, Unix ya zile 386, ikataka /dev/rct0, na Linux, ilipotufikia baadaye, ikaja na /dev/st0. Kwa wengi wao ukiongeza herufi n unakuwa umeiambia mashine isirudishe ukanda mwanzo ikimaliza. Fundi alizibandika zote ukutani, ameziandika kwa kalamu ya wino mwekundu, na ile karatasi ilitusaidia kuliko vitabu vyote kabatini.

Programu ya kufunga mafaili kwenye ukanda iliitwa tar, na ilitoka pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Tar hufunga mafaili kama mama afungavyo vyombo vya harusi ya kusafiri: kila chombo hutanguliwa na karatasi inayosema ni nini, cha nani, kina uzito gani. Karatasi hiyo ni bloku moja ya baiti 512. Baiti 100 za mwanzo ni jina la faili, kisha ruhusa, namba ya mwenyewe, ukubwa, na saa ya mwisho ya kuguswa. Uzuri wake ni kwamba namba hizo huandikwa kwa tarakimu za kawaida, kwa msingi wa nane, kama mtu anavyoandika daftarini, kwa hiyo mtu mwenye macho anaweza kuzisoma hata bila programu. Ndani ya bloku hiyo mna pia jumla ya ukaguzi: unajumlisha baiti zote 512, nafasi ya jumla yenyewe ukiihesabu kama nafasi tupu, na unaandika jibu. Msomaji hujumlisha tena. Majibu yakitofautiana, anakataa kuendelea. Ndugu yake tar ni cpio, iliyopendwa na watu wa System V. Ile ya mwanzo iliandika namba kwa lugha ya ndani ya mashine, na hapo ndipo balaa lilipokuwa, maana mashine hazikukubaliana jinsi ya kupanga baiti za namba.

Kisa ninachotaka ukijue kilitokea mwaka 1992, mwaka wa kampeni za uchaguzi wa vyama vingi. Magari ya vipaza sauti yalipita chini ya dirisha letu kutwa, majina ya Moi, Matiba, Kibaki na Odinga yakipishana hewani, na bei ya unga ikizungumzwa kwenye kila ngazi na kila kibanda. Siku moja akaingia mzee mwenye koti la kahawia lililopigwa pasi vizuri, mstaafu wa kazi ya hali ya hewa, sasa akisaidia ofisi moja ya maji. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha ukanda mmoja wa robo inchi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimepata nakala za madaftari ya mvua ya vituo vya Afrika Mashariki, yale yaliyoandikwa tangu enzi za Mwingereza, kikayaingiza yote kwenye kompyuta, kituo kwa kituo, mwaka kwa mwaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na kuyapata madaftari yenyewe mahali pamoja kulikuwa kazi ya kuhangaika ofisi kwa ofisi. Yule mzee akaketi, akamwamkia Mama, akaweka ukanda mezani kwa mikono miwili. "Humu mna mvua ya sitini na moja," akasema. "Wameshaujaribu pale ofisini, mashine inaukataa."

Mvua ya 1961, mwanangu, si habari ndogo. Miezi ya mwisho ya mwaka ule ilinyesha Afrika Mashariki kwa namna ambayo wazee waliihesabia umri wa watoto. Mito ilivunja kingo, barabara zikakatika, na Ziwa Victoria likaanza kupanda mpaka, kufikia mwaka 1964, lilikuwa limeinuka kwa zaidi ya mita 2. Mhandisi anayejenga daraja au bwawa katika nchi hii akiukosa mwaka ule kwenye hesabu zake, atajenga daraja la kuchukuliwa na maji. Ndiyo sababu yule mzee alikuja mwenyewe, kwa miguu, hakutuma tarishi.

Juu ya ukanda palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono neno Kenya na tarehe, basi. Mashine gani imeuandika, kwa amri gani, kwa mpangilio gani, hakuna. Fundi akafanya jambo lake la kwanza siku zote: akazungusha kile kishale cha plastiki kwenye kona ya kasha mpaka kikatazama upande wa usalama, ili mashine yoyote isiweze kuandika juu yake hata ikiamriwa. Kisha akauendesha mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo bila kusoma kitu, ili ukanda ukae sawa kwenye magurudumu baada ya safari ya ndege. Nami nikauweka kwenye Sun na kuiambia tar ionyeshe orodha. Jibu likaja mara moja: jumla ya ukaguzi hailingani.

Hapo wengi hukata tamaa na kusema ukanda umeharibika. Mama hakuwa na desturi hiyo. Akaniambia nisimsumbue tar tena, nichukue kila baiti iliyomo kwenye ukanda kama ilivyo na kuiweka kwenye diski kwa amri ya dd, ambayo haiulizi maana ya kitu, hunakili tu. Ukanda ukavuma mwanzo hadi mwisho bila kusita hata mara moja, na Fundi akasema kwa utulivu, "Ukanda mzima. Ugonjwa uko kwenye maandishi." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na njia nyingine: soma mara moja, weka nakala, toa ukanda, halafu ndipo ufikiri.

Dada akaifungua nakala kwa od -c, amri inayoonyesha kila baiti kama herufi, akaichapisha. Printa ya sindano ikalia, karatasi ndefu ikashuka sakafuni, na yeye akaanza kusoma kwa sauti: arniaflln_karu_u9116. Chini yake: arniafllk_simu_u9116. Tukatazamana. Haikuwa takataka, maana takataka haina utaratibu. Hapa palikuwa na mistari iliyofanana mwanzo na mwisho. Mama akavuta karatasi, akachukua penseli, na kwa mkono wa mwalimu wa hesabu akaanza kukata lile neno vipande vya herufi mbili mbili: ar, ni, af, ll, n_, ka, ru, _u, 91, 16. Kisha akaigeuza kila jozi. Rainfall_nakuru_1961. Lile la pili likawa la Kisumu, mwaka uleule. Akaweka penseli chini bila kusema neno, na yule mzee, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote, akasogea karibu na kuvaa miwani yake.

Sababu yake ni hii. Kompyuta nyingi za zama zile zilishika data kwa jozi za baiti, na hazikukubaliana ni baiti ipi ya jozi itangulie. Intel na VAX walitanguliza ile ndogo, Motorola na SPARC wakatanguliza ile kubwa. Wahenga wa Unix husimulia kwamba ilipohamishwa mara ya kwanza kutoka PDP-11 kwenda mashine ya mpangilio mwingine, neno UNIX lilitokea kwenye karatasi likisomeka NUXI. Kompyuta iliyouandika ukanda wetu ilikuwa na kawaida ya kugeuza kila jozi inapoandika kwenye kanda za aina ile, na kuirudisha inaposoma. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa sawa. Aliyeuandika hakuona dalili yoyote. Hata jumla ya ukaguzi ilikuwa sahihi, kwa kuwa kugeuza jozi hakubadilishi jumla. Kilichobadilika ni tarakimu za jibu lililoandikwa, zilizopishana viti: iliyokuwa 011542 ukaisoma 105124, na tar ikaona uongo mahali ambapo hapakuwa na uongo. Dawa ilikuwa kuipitisha nakala yote tena kwenye dd kwa maneno conv=swab, inayogeuza kila jozi, kisha kuikabidhi kwa tar. Majina yakashuka kwenye skrini, kituo kwa kituo: Nakuru, Kisumu, Kitale, Garissa, Lamu, Voi.

Mtu angedhani kazi imekwisha. Ofisi ya mzee ilikuwa na ile kompyuta ya 386, na mfumo wake wa mafaili ulikubali majina ya herufi 14, zaidi ya hapo ulikata. Matawi ya Berkeley yaliruhusu herufi 255. Tulipoijaribu nakala kwenye mashine ya namna hiyo tuliyokuwa nayo ofisini, ilifunguka mpaka mwisho bila lalamiko hata moja. Dada ndiye aliyeshika orodha yake iliyochapishwa, akaiweka kando ya orodha ya diski, rula mkononi, akaona kila kituo kimebakiwa na faili moja. Hesabu mwenyewe herufi 14 za mwanzo: rainfall_nakur. Mwaka 1961, mwaka 1962, mwaka wowote wa Nakuru, yote yakawa jina moja, na kila mwaka uliofunguliwa ulikaa juu ya uliotangulia. Ule wa mwisho ndio uliosalia. Mvua ya 1961 ingefika ofisini kwa mzee na kupotea palepale, mashine ikisema kila kitu ni salama.

Tukarudi kwenye Sun, tukabadilisha majina yote kwa programu fupi ya mistari michache, yakawa nakuru.1961, kisumu.1961 na kadhalika, yote hayazidi herufi 14, na tukachapisha jedwali la jina la zamani na jipya ili lifungwe pamoja na ukanda. Tukahakikisha hakuna jina linaloanza na mkwaju, kwa sababu tar za zamani zilikuwa na utii wa kupita kiasi: faili likiitwa /usr/data, lilifunguliwa palepale kwenye /usr/data ya mashine ya mwenzio, na kama alikuwa na la kwake la jina hilo, limekwenda. Kisha tukataka kuthibitisha kwamba mafaili ya huku na ya kule ni mamoja. Amri ya sum, iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, ilitoa namba moja kwenye Sun na nyingine kwenye 386, kwa faili lilelile, maana Berkeley na System V walikuwa na kanuni mbili tofauti za kukokotoa. Ilibidi ile ya System V iambiwe -r ndipo ikubali kanuni ya mwenzake. Zikalingana zote.

Lakini Mama alikuwa na uthibitisho mwingine akilini. Akamgeukia yule mzee, akamuuliza kama anayo karatasi yoyote ya wakati ule. Mzee akafungua mkoba wake akatoa daftari lenye jalada la ngozi lililopauka. Mwaka 1961 alikuwa kijana wa kupima mvua kwenye kituo kimoja cha Bonde la Ufa. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji ya kipimo kwenye bilauri ya mistari, akaandika. Aliandika kwa inchi, ndiyo iliyokuwa desturi ya serikali ya wakati ule, na wale wa ng'ambo walikuwa wamegeuza kuwa milimita. Basi wakakaa, Mama na mzee, bega kwa bega. Mzee anasoma inchi kwa kidole kilichokauka, Mama anazidisha kwa 25.4 kwa penseli, Dada anatafuta siku hiyo kwenye chapa. Novemba yote ya 1961 ilipita hivyo. Ilipolingana siku ya mwisho, mzee alifunga daftari, akauliza malipo ni kiasi gani, akaambiwa, akahesabu noti polepole juu ya meza, akaomba risiti.

Baada ya kazi ile watu walituletea kanda za kila namna. Zikaja za cpio, zile za namba za mashine, na ujumbe wake maarufu ulikuwa kwamba mambo yametoka kwenye mpangilio, tafuta msaada. Nasi ndio tulikuwa msaada wenyewe. Tuliwafundisha wateja waandike kwa cpio -c, inayoweka namba kwa tarakimu za kawaida. Zikaja kanda kubwa za magurudumu, ambazo kila fungu linaloandikwa lina urefu wake. Tar kwa kawaida hukusanya bloku 20 na kuzituma kwa mkupuo, baiti 10,240; kama mwandishi alichagua urefu mwingine, msomaji anayeomba kidogo kuliko fungu hupewa kosa. Tulichofanya ni kuomba fungu kubwa kwa dd na kutazama zimerudi baiti ngapi.

Mkombozi wetu mkubwa alikuwa tar ya GNU, mradi wa programu huru, iliyokua kutoka kwenye kazi ya John Gilmore. Mhandisi mgeni alitupa nakala, naye alikuwa na haki ya kuitoa, kama sisi tulivyokuwa na haki ya kuitoa tena. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi huo, alianza kuuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 mwaka 1985, na aliyenunua aliruhusiwa kuwanakilia wengine. Kwa ofisi kama yetu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana tuliweza kuiunda tar moja kwenye mashine zote za mteja, na zote zikasema lugha moja. Ilikata mkwaju wa mwanzo wa majina yenyewe, na iliweza kubeba majina marefu. Nayo ilikuwa na vyake: watu wa POSIX, waliotafuta kanuni moja ya Unix zote, walikubaliana mwaka 1988 juu ya mpangilio wa ustar, wenye nafasi ya baiti 155 zaidi kwa jina, lakini GNU ilifuata rasimu ya awali, na jinsi ilivyohifadhi majina marefu hakuna tar nyingine ya zamani iliyoielewa. Mtu akifungua kwa tar ya zamani alikuta faili la ajabu liitwalo @LongLink na majina yaliyokatwa. Ilichukua mpaka mwaka 2001 kwa POSIX kutoa mpangilio wa pax unaokubali jina la urefu wowote na faili la ukubwa wowote. Ule wa ustar, kwa kuwa ukubwa uliandikwa kwa tarakimu 11 za msingi wa nane, uliishia gigabaiti 8.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilipopiga Kenya na madaraja yakaanza kwenda, simu ilipigwa ofisini kwetu. Yule mzee alikuwa ameshafariki. Aliyepiga alikuwa mhandisi kijana ambaye hakupata kumjua. Alikuwa amekuta ukanda kabatini, pamoja na jedwali letu la majina na karatasi iliyosema: tar, bloku 20, majina hayazidi herufi 14, umesomwa na kukaguliwa kwenye mashine mbili. Alitaka kutuuliza kipimo ni milimita au inchi, kwa sababu hilo tu ndilo hakuliona kwenye karatasi. Mafaili yenyewe alikuwa ameshayafungua.

Siku hizi hamna kanda, lakini mnaishi ndani ya tar bila kujua. Programu mnazopakua zikiishia na .tar.gz ni ile kazi ya 1979. Kontena mnazoendesha kwenye seva zimefungwa tabaka kwa tabaka kwa tar. Na Linux inapowaka asubuhi hufungua kwanza fungu la cpio. Mipangilio iliyodumu ni ile ambayo mgeni angeweza kuisoma kwa macho yake bila kumwomba ruhusa aliyeiandika. Ile iliyofungwa ndani ya siri za kampuni ilikufa na kampuni zake, na data za watu zikafa nayo.

Kwa hiyo ukihifadhi kitu, iwe picha za harusi, hesabu za chama au vipimo vya mvua, mfikirie atakayekifungua ambaye hukuzaliwa naye kijiji kimoja wala hatumii mashine kama yako. Tumia mpangilio uliokubaliwa na wengi, hata kama una mpya unaokupendeza. Majina yawe mafupi na wazi. Andika karatasi: ni nini, kimefungwa kwa amri gani, kwa kipimo gani, tarehe gani. Kisha kipeleke kwenye mashine ya mtu mwingine, ukifungue hapo mbele ya macho yako, na ulinganishe na daftari. Usipofanya hilo la mwisho, mwanangu, hujui bado kama umehifadhi.